Kundi la Kusubiri

Kompyuta ndiyo iliyotugawa, si mtu.
Ndivyo alivyosema Verediana, dada wa utafiti,
alipofika Isevya na kishikwambi kwapani:
bahati nasibu, mama, kama kurusha shilingi.
Nyamizi akaangukia kundi la masomo.
Mimi, namba sufuri arobaini na moja,
kundi la kusubiri.

Wiki kumi na mbili.
Kila Jumatatu simu inatetemeka juu ya debe la asali:
Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na hofu?
Hapana kabisa. Siku kadhaa.
Zaidi ya nusu ya siku. Karibu kila siku.
Nabonyeza kwa kidole chenye nta:
karibu kila siku.
Simu inasema asante.
Haisemi pole.

Wala hawakuuliza kuhusu honi.
Tangu usiku ule behewa la Kigoma
liliposhusha sanduku la kaka yangu Mgalula,
treni ikilia kule reli zinakoachana
moyo hutangulia mlangoni, mimi nabaki kitandani.
Nawahesabu wangu wote walio safarini.
Namchagua wa kufa.

Tuliambiwa tusisimuliane.
Lakini miwani ya Nyamizi ilivunjika Mfungo Mosi,
na masomo yanakuja kwa herufi ndogo kama mtama.
Akanyoosha simu juu ya ua wa minyaa:
Kalunde, nisomee.
Nikamsomea. Yalikuwa yake.
Masikio ni yangu, ningeyaziba na nini?

Somo la tatu:
Wazo si habari. Liandike.
Kisha liulize, ushahidi wako uko wapi?
Nyamizi akacheka hadi akashika kiuno,
yeye ambaye tangu duka liungue
hajavuka barabara hata kufuata chumvi.
Kwa hiyo kichwa changu, akasema,
kipelekwe mahakamani!

Mimi sikucheka.
Usiku nilichukua mkaa,
nikachora nyuma ya mlango kila honi iliyolia.
Mimi ni mtu wa mizani,
asali iliyotiwa maji siihitaji kuionja.
Ilipofika honi ya hamsini na tatu nikapima:
honi hamsini na tatu upande huu,
sanduku moja upande ule.
Mizani ikalalia kwenye sanduku.
Ila haikugusa chini.
Nilitazama vizuri. Haikugusa chini.

Somo la sita lilimtuma Nyamizi sokoni:
simama hapo mpaka hofu ichoke kabla yako.
Alirudi na chumvi, na dagaa asiowahitaji,
jasho tupu, akijisifu kama aliyetoka Makka.
Nami Jumamosi hiyo nilikwenda stesheni
bila mzigo, bila mgeni wa kumpokea.
Nikakaa kwenye benchi.
Treni ikaingia. Wakashuka watu.
Watu tu, na kuku, na godoro.

Wiki ya kumi na moja nilibonyeza, siku kadhaa.
Ndipo nikaanza kuona aibu.
Kwa sababu mahali fulani kuna mchoro,
mstari wetu sisi tusiopewa kitu,
na mstari huo unashuka kwa ajili yangu.
Wataandika kwamba kusubiri ni dawa.
Watawaambia wengine: subirini.

Nikampigia Verediana.
Nikasema, dada, data zako nimezitia maji.
Nikamweleza miwani, ua, mkaa, benchi.
Kimya.
Nikasikia karatasi ikifunuliwa,
kalamu ikigongwagongwa mezani.
Nikajua nafutwa, namba na yote.
Akauliza, sauti yake sasa si ya kazini:
lilikufaa lipi?

La tatu, nikasema.
Na kicheko cha Nyamizi, kama mna pa kukiandika.

Treni ya Mpanda ikapiga honi.
Umesemaje, mama? Sikusikia.
Nikarudia.